Hadithi 17, na Hakuna Aliyecheka

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi nakaa na watoto ndani ya kanisa la udongo ambalo mchungaji wake anatuazima mabenchi mpaka saa sita. Ni hapa Nakivale, upande wa Base Camp. Ninyi mnaosoma mkiwa kambi nyingine, mjue makazi haya yapo tangu mwaka 1958 na leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia. Shuleni watoto wanasoma kwa Kiingereza. Kwenye mabenchi yetu wanaandika Kiswahili, kila mmoja Kiswahili alichotoka nacho, cha Uvira, cha Bunia, cha Bujumbura, na mimi sirekebishi sana. Kama neno linaeleweka, naliacha.

Mwezi wa pili niliwapa kazi: andikeni hadithi fupi juu ya uonevu. Wazo halikuwa langu. Shirika moja lilikuwa linakusanya maandishi ya watoto juu ya jambo hilo, nikaona ni nafasi. Niliwaeleza mambo ya kawaida. Hadithi fupi ina watu wachache, tukio moja, mahali pamoja. Anzeni karibu na tatizo, msianze na kuamka asubuhi na kupiga mswaki. Wakaandika saa nzima kimya, na kwa watoto wale hilo si jambo dogo.

Usiku nikazisoma kwa taa ya sola. Zilikuwa 17. Zote zilisema "mimi", na huyo mimi ndiye aliyepigwa, aliyenyang'anywa jerikani, aliyechekwa kwa nguo zake. Katika nyingi mwalimu anatokea mwishoni na fimbo, mkosaji analia na kuomba msamaha. Katika mbili mkosaji anaumwa na nyoka. Katika moja aliyeonewa anapata ndege ya kwenda Australia, na aliyemwonea anabaki hapa anachota maji. Hiyo nilicheka sana, halafu nikanyamaza.

Hesabu ilikuwa haikubali. Watoto hawa nawaona kwenye bomba karibu kila siku. Namjua anayesogeza jerikani za wenzake nyuma ya mstari. Namjua anayebuni majina ya watu, na majina yake yanashika kama kupe. Sasa walioonewa 17, walioonea sifuri. Kazi yote hiyo ilifanywa na nani, majini?

Kwanza nilifikiri ni woga wa fimbo tu. Mtoto hawezi kuandika "nilimpiga" kwenye karatasi inayokwenda mkononi mwa mwalimu. Hilo lipo. Lakini nikakumbuka jambo lingine, nalo linatuhusu sisi wazazi kuliko wao.

Watoto hawa wamekulia kwenye intavyuu. Mama anaitwa, mtoto anakaa pembeni yake kwenye benchi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, chini ya shitingi, mtoto anasikia baba na mama wanaulizana: ilikuwa Jumanne au Jumatano? Walikuja watatu au wanne? Usiseme tulirudi kuchukua mbuzi, watauliza kama mliweza kurudi, mlikimbia nini. Mtoto anajifanya amelala. Anajifunza kwamba katika maisha kuna hadithi ambayo inafungua mlango, na hadithi hiyo ina mtu mmoja safi na watu wengine wabaya, na tarehe zake hazigongani.

Sisemi kwamba tunadanganya. Yangu mimi ilikuwa ya kweli, na bado niliisimulia kwa kukata kona. Niliacha kusema kwamba jirani aliyetuficha siku tatu tulipokimbia alikuwa mtu wa kabila ambalo utotoni nilikuwa nalicheka. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuona ingenisaidia nini. Lile lilikuwa dai, na mwenye dai hana ruhusa ya kuwa na doa. Ninyi wa mashirika msinikasirikie nikisema na ninyi mnaipenda hadithi ya aina hiyo: mnapokuja na kamera kutafuta hadithi za mafanikio, mnamtafuta mama aliyeteseka kisha akapewa cherehani. Mama aliyeteseka, akapewa cherehani, kisha akamnyima jirani yake uzi, huyo hamumpigi picha. Naelewa, ripoti ina kurasa chache.

Basi mtoto akiambiwa "andika juu ya uonevu", anaandika dai. Anaweka mkosaji mmoja, anajiweka yeye safi, anamweka hakimu mwishoni.

Hata fimbo ile ya mwishoni ina shida yake. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, alimweka mtu ambaye ndugu zake walimfanyia ubaya mkubwa, wakageuzwa manyani, na yeye akaamriwa awachape kila usiku. Anawachapa huku analia. Niliwasimulia watoto habari hiyo Jumamosi iliyofuata. Mmoja akauliza, "Sasa mbona analia, si wao ndio walimukosea?" Hakuna aliyeweza kumjibu, mimi pia nilibabaika, na nadhani lile swali lilifanya kazi zaidi ya somo langu zima.

Wiki hiyo tulianza upya, safari hii na wanyama. Sungura na Fisi kila mtu anawajua: Sungura anamdanganya Fisi, Fisi anaungua mkia, sisi tunacheka. Nikawaambia andikeni habari ileile, lakini Fisi ndiye anayesema, yuko nyumbani jioni, mke wake anamuuliza mkia umefanya nini. Mambo yalitoka ambayo sikuyategemea. Fisi wa mtoto mmoja alimwambia mke wake kwamba ameanguka. Fisi wa mwingine alikwenda kumpiga mtoto wake.

Ndipo tukaingia kwenye neno ambalo watoto wote wanalikimbilia. Ukimshika mtoto anamchokoza mwenzake, atakwambia, "Mwalimu, si ni muchezo tu." Mkubwa kidogo atasema ni utani. Mimi utani nauheshimu. Nilipokaa Kigoma miaka ile niliwaona watani wakija msibani, wanamwigiza marehemu, wanawachekesha wafiwa wakati machozi hayajakauka, na watu haohao ndio wanaoshika majembe kuchimba kaburi. Mtani anakutukana leo, kesho unamtukana yeye, na siku ya shida hakosi kwako. Kwa hiyo niliwapa watoto kipimo: yule unayemtania anaweza kukurudishia? Siku akifiwa utakwenda? Walikaa wakifikiri. Msichana mmoja wa miaka 11 aliangalia chini muda mrefu.

Huyo ndiye aliyeandika hadithi ambayo imenifanya nikae kuandika makala hii.

Nilikuwa nimewaambia safari hii atakayeweza aandike kama yule aliyeonea, au yule aliyesimama akacheka. Sikumlazimisha mtu. Yeye aliandika kurasa mbili. Zilimhusu mvulana wa miaka 15 aliyekuja katika darasa lao la P3. Kule Kongo alikuwa amefika wa sita, anasoma Kifaransa vizuri, lakini hapa Kiingereza hana, akateremshwa mpaka P3 akae na watoto wanaomfikia kwenye mbavu. Mambo haya tunayajua wote, yamewapata wengi. Darasa lilimpa jina. Nitamwita Babu, jina lenyewe lilikuwa jingine, ila la namna hiyohiyo, jina la heshima lililogeuzwa upande wa pili.

Msichana aliandika kwamba jina alilibuni yeye. Aliandika siku Babu aliposimama kusoma, akashindwa neno la Kiingereza la mbuzi, darasa likaanguka kwa kicheko. Halafu akaandika kwamba muhula uliotangulia aliyekuwa anachekwa ni yeye, kwa sababu ya namna anavyotamka, na tangu Babu aje hakuna aliyemwangalia tena. Baada ya hapo akaweka mstari huu, nauandika kwa ruhusa yake: "Siku hiyo nililala vizuri."

Nimefundisha miaka mingi. Sijawahi kupata mstari kama ule kutoka kwa mtoto. Unaonyesha uonevu unavyopokezanwa kama mzigo wa kuni njiani, na kila anayeutua anajisikia mwepesi. Nilifurahi mno. Na kwa furaha hiyo nikafanya kosa: niliisoma kwa sauti mbele ya wote.

Babu hakuwa mwanafunzi wa Jumamosi. Mdogo wake wa kike alikuwa.

Jumatatu Babu hakwenda shule. Jumanne jioni mama yake alisimama mlangoni kwangu, hakukubali kukaa. Akasema, "Mwalimu, ulimufanya mutoto wangu kuwa hadithi."

Nilijitetea. Nilisema hadithi haikutaja jina lake la kweli. Akaniuliza hapa Base Camp kuna mtoto mwingine wa P3 mwenye ndevu zinazoanza? Nilisema yule msichana alikuwa anatubu. Akasema, "Atubu kwa Mungu, ama aje kwangu nyumbani. Watoto wakimucheka, saa ya kula ikifika wanasahau. Karatasi haisahau." Akaondoka. Hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo lilinisumbua kuliko angenitukana.

Hapa ndipo swali lenyewe lilipo, na nimelibeba miezi kadhaa. Msichana alikuwa na haki ya kusema kosa lake. Nilikuwa nimemfundisha afanye hivyohivyo, na kama tungebaki na zile hadithi 17 za watu safi, tungebaki na uongo mtamu. Lakini kosa lake halikuwa lake peke yake. Hakuweza kulitoa bila kutoa na aibu ya mwenzake, na mwenzake hakuulizwa. Ukisema mkosaji asiandike, unafunga mlango pekee ambao ukweli ulipitia. Ukisema aandike tu, unampa nafasi ya pili ya kumsimamisha Babu mbele ya darasa, safari hii kwa Kiswahili kizuri. Kuna watu wamenishauri kwamba dawa ni kubadili jina na mahali. Inasaidia mjini. Kambini kila mtu anajua bomba la nani liliharibika lini.

Nilikwenda kwao siku ya Alhamisi. Mama alinikaribisha, alikuwa amepoa. Babu alitoka nyuma ya nyumba. Nikaomba samahani, yeye kwanza, kisha mama yake. Hakujibu. Akasema anataka kuiona hiyo karatasi.

Nilikuwa nayo mfukoni. Alisimama chini ya paa akasoma, na alisoma kwa sauti, bila kukwama, bila kidole, anapumzika penye nukta. Mimi sikuwa nimewahi kumsikia akisoma. Mtoto anayejulikana makazi mazima kwamba hajui kusoma alisoma kurasa mbili za mwandiko mbaya wa penseli kama mtangazaji wa redio. Alipofika kwenye "nililala vizuri" alisimama kidogo, akaendelea mpaka mwisho.

Halafu akasema, "Haikuwa mbuzi. Mbuzi nalijua. Ilikuwa kisu. Wameandika K mbele, mimi nikaisoma. Nikasema 'kinife'."

Kwetu herufi ikiandikwa inasomwa. Nikamwambia hivyo, akanitazama kama mtu ambaye alikuwa analijua hilo kabla yangu.

"Na si yeye alianza kucheka," akasema. "Jina ni lake, ni kweli. Lakini kucheka, mwalimu ndiye alianza."

Nilikaa kwenye kigoda walichonipa.

Rudini kwenye zile hadithi 17. Mwalimu yumo karibu katika zote, na katika zote anakuja mwishoni, anaamua, anachapa, anapatanisha. Hakuna hata moja ambamo mwalimu anacheka. Hata katika hadithi ya msichana, ambayo ilikuwa ya kweli kuliko zote, ambamo mtoto alikuwa tayari kujivua nguo mwenyewe, mwalimu alikuwa ametolewa nje ya chumba. Sijui kama alimficha kwa makusudi au kama jicho la mtoto halimwoni mwalimu anapokosea, kama vile huoni miwani unayoivaa. Vyovyote vile, hadithi iliandikwa kwa ajili ya mwalimu, na aliyeandikiwa hakuwekwa ndani. Ni kama kwenye intavyuu: unaweza kusema ubaya wa kila mtu duniani isipokuwa wa yule anayeshika kalamu upande wa pili wa meza.

Simlaumu yule mwalimu wa darasa. Kicheko cha namna ile nakijua, kinakutoka saa saba mchana, njaa imekubana, una watoto zaidi ya mia moja mbele yako, mmoja anatoa sauti ya ajabu, wewe unacheka kabla hujafikiri. Sekunde mbili. Lakini watoto mia wameona mlango umefunguliwa, na wanaingia. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo. Na mimi ndiye niliyesoma karatasi kwa sauti.

Kwa hiyo nimefika mahali fulani, na nalisema kama ninavyoliona leo: mtu mzima anayewaomba watoto hadithi za uonevu hana haki ya kuziomba akiwa amekaa nje yake. Aandike yeye kwanza, na aandike ile ambayo hatoki msafi. Yule aliyeonewa kweli, ambaye jeraha bado bichi, asiambiwe aingie kichwani mwa aliyemwonea ili kujifunza huruma. Nimeona kwenye semina fulani zoezi la namna hiyo likisifiwa, na mimi nadhani ni uonevu mwingine wenye kalamu za rangi. Huyo aachwe anyamaze, au aandike juu ya samaki. Ila sisi wengine, ambao wengi wetu tumekuwa pande zote mbili, tunaweza kutafuta siku moja ambayo tulicheka.

Jumamosi iliyofuata niliwasomea yangu. Niliiandika kurasa moja na nusu, na niliifuta mara nyingi kuliko dai langu lote la ukimbizi.

Ni Uvira, nina miaka kama kumi. Kuna mvulana ameshuka kutoka juu milimani, kwenye ng'ombe, amekuja kusoma kwa shangazi yake karibu na ziwa. Kiswahili chake kina mwendo mwingine. Tunamzunguka wakati wa mapumziko tunamwambia aseme neno fulani, analisema, tunacheka, tunamwambia arudie. Anarudia. Anatabasamu, kwa sababu anafikiri tukichoka tutakuwa marafiki. Tulimpa jina. Sitaliandika hapa, wala sikulisoma mbele ya watoto, kwa sababu baadaye nililisikia tena kwenye vinywa vya watu wazima, barabarani, na walikuwa na mapanga. Sisemi sisi watoto ndio tuliowapa. Labda sisi ndio tulilichukua kwao. Nasema tu kwamba lilipofika barabarani mdomo wangu ulikuwa tayari umelizoea.

Kwenye mabenchi yale wamo watoto wa pande zote mbili za habari hiyo. Wanachota maji bomba moja. Nilipomaliza hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi. Mvulana mmoja, ambaye wazazi wake wametoka juu milimani, aliuliza: "Huyo kijana alienda wapi?" Nikasema sijui. Akauliza kama nimemtafuta. Nikasema sijamtafuta. Akaandika kitu kwenye daftari lake, hakunionyesha.

Yule msichana alibaki nyuma wenzake walipotoka. Nilikuwa nimemwambia habari ya kisu, na nani alianza kucheka. Alikuwa na wasiwasi mmoja tu, wa kazi kabisa. "Nikiandika mwalimu alicheka," akasema, "nani atanisahihishia?" Nikamwambia mimi. Hakuonekana kuridhika, na simlaumu.

Ameiandika tena. Mwalimu yumo sasa, mstari mmoja, anacheka halafu anageukia ubao. Msichana alikwenda nayo mwenyewe kwa mama yake Babu, peke yake, bila mimi, na walichoongea huko sikuambiwa. Babu amesema hadithi hiyo isitoke nje ya kanisa. Kwa hiyo hamtaipata katika jarida hili, na lile shirika nililipelekea nyingine sita, tatu kati yake za Fisi. Walinishukuru, wakaniuliza kwa adabu kama sina zinazohusu watoto.

Babu anakuja Jumamosi siku nyingine, siku nyingine haji. Akija anawasomea wadogo, kwa kuwa hakuna anayesoma kama yeye. Kuandika bado, na sijamwomba.

Makala hii ameisoma kabla yenu. Alifuta mistari miwili juu ya baba yake, akachagua lile jina nililomwitia badala ya nililokuwa nimeweka. Nilimuuliza kama nitoe na ile "kinife". Akasema ibaki, yeye alisoma kilichoandikwa.